Shali ya Mama na Mashine ya Joto

Nyumba tuliyopanga Karatu, upande wa juu karibu na msitu, ilijengwa na mzee mmoja wa Ulaya aliyekuwa fundi mitambo kwao. Mzee huyo hakupenda baridi, na moshi wa kuni aliuchukia zaidi. Akachimba bustani yote, akalaza mabomba ardhini, akayafukia na kupanda majani juu yake, kisha akasimamisha stoo mashine nyeupe kubwa kama kabati la nguo. Mashine inazungusha maji kwenye mabomba yale, inachukua joto kidogo lililomo udongoni, inalikusanya na kulisukuma chini ya sakafu.

“Ni friji tu,” alituambia siku ya kutukabidhi funguo. “Ila nyie mnakaa upande wa mgongoni, kunakotoka joto.”

Akarudi kwao, akatuachia namba ya simu na onyo moja: tusiishikeshike.

Mume wangu ni dereva wa utalii, na hajawahi kuona kitufe akakiacha. Msimu wa mvua, wageni wakipungua, anakaa nyumbani na kutafuta kitu cha kuendesha. Mashine ile aliiendesha kama Land Cruiser: ukikanyaga, iende. Majirani walipomuuliza joto linatoka wapi, aliwajibu bila kupepesa macho kwamba bomba letu limefika hadi chini ya kreta, kwenye moto wa volkano.

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipochanganyika na ukungu, mama yangu alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya goti lake. Mama ni mkulima wa vitunguu Mang'ola, kule chini ambako jua halina mchezo. Tulidhani Karatu itamgandisha.

Sasa, mume wangu amekulia Piyaya, kwenye maboma ya wafugaji, na kwao mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka shingo inauma. Hamtazami usoni, habishani naye, hamuulizi jambo lolote linalohusu mwili wake. Mama naye ana heshima zake: hawezi kukaa mbele ya mkwe wake bila shali nzito mabegani. Kila mume wangu alipoingia sebuleni, mama alijivuta na kujifunika vizuri.

Mume wangu akaniita jikoni. “Mama anasikia baridi.”

“Amesema?”

“Hawezi kusema, ni mgeni. Huoni anavyojifunika? Kwetu mgeni analazwa karibu na moto.”

Akaenda stoo akaongeza. Mchana akapapasa sakafu kwa kiganja, akaona haijabadilika, akaongeza tena. Hakujua kwamba sakafu ile ni zege nene, na zege halina haraka. Linachukua siku nzima kupata moto, na likishapata, halipoi kwa sababu wewe umebadili mawazo.

Kesho yake asubuhi nilikanyaga sakafu nikarudisha mguu kitandani. Unga wa maandazi niliouacha uumuke ulikuwa umetoka kwenye beseni na kuanza safari kuelekea mlangoni. Paka wetu, kiumbe mvivu kuliko wote niliowahi kuwafuga, alikuwa amekaa nje kwenye mvua, amefumba macho kwa raha.

Mama alikuwa sebuleni, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mume wangu akaingia kumsalimia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.” Akavuta shali.

“Umelalaje?”

“Salama kabisa. Nyumba yenu nzuri.”

Mume wangu akatoka na uso wa huruma. “Bado anatetemeka,” aliniambia. Ni kweli mama alikuwa anatetemeka, ila mimi nilijua ni kizunguzungu cha joto. Nilipomfuata mama kumuuliza, alinikatiza kwa Kiiraqw: nisithubutu kumwambia mkwe chochote, maana anaonekana ni mtu wa kupenda joto, na yeye hakuja kuharibu starehe za watu nyumbani kwao.

Wale wawili walikuwa wanaheshimiana vizuri sana, nikaona si mahali pangu kuwaharibia.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya kwa sala. Watu wakavua viatu mlangoni kama kawaida, wakaingia, wakasimama kuimba. Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Ubeti wa pili nikaona mwenyekiti wa jumuiya anasimama kwa mguu mmoja. Akabadilisha. Jirani yake naye akabadilisha. Mpaka kiitikio, sebule nzima ilikuwa inaruka kwa zamu, wazee kwa vijana, huku mama yangu akiwa katikati, shali mabegani, ameinua miguu yote miwili juu ya stuli. Mwenyekiti alifunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alipokuwa akitafuta viatu vyake alimshika mume wangu mkono: “Leo sala ilikuwa na moto, ndugu yangu.”

Walipoondoka, mama alitoka barazani, akakaa kwenye mvua ya manyunyu kando ya paka, na kwa mara ya kwanza tangu afike akavua shali mbele ya mkwe wake.

“Baba,” alisema, “naomba radhi. Mimi kwa joto lako nimeshindwa.”

“Joto langu?” Mume wangu alisahau heshima zote, akamtazama usoni. “Mama, mimi mwenyewe naungua! Nilikuwa nakuwekea wewe!”

Walitazamana. Kisha mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti.

Tulimpigia simu yule mzee mwenye nyumba. Alicheka kwanza, ndipo akaeleza. Nje ya ukuta kuna kipimo cha joto. Kukiwa na baridi nje, mashine inapasha zaidi, kukiwa na jua inapunguza yenyewe. Kwenye kioo cha mashine kuna mstari unaoiambia iongeze kwa ukali gani. Mume wangu alikuwa ameusimamisha mstari kama mlima, mashine ikaamini tunaishi kwenye theluji. Tuulaze, alisema. Halafu kila badiliko liwe hatua moja ndogo, na tungoje siku mbili kabla ya kugusa tena.

“Siku mbili!” alisema mume wangu, kama mtu aliyeambiwa atembee hadi Arusha.

Sakafu ilipoa taratibu, na mama akaongeza siku za kukaa. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikawakuta wote wawili stoo, mbele ya kioo, wanabishana kwa sauti.

“Mama, nusu tu.”

“Toa mkono, baba. Tuliishusha jana.”

“Lakini miguu yangu—”

“Vaa soksi!”

Mume wangu alinigeukia nimtetee. Nikasema nina vitunguu vya kumenya, nikaenda zangu jikoni.