Noti Isiyokatika

Simu ya baba ilimkuta binti yake kwenye cherehani, sindano imezama katikati ya kola. "Shangazi yako ametutoka," baba alisema. Binti, mguu ungali juu ya kikanyagio, akauliza, "Na kwaya nani ataiongoza?" Yeye mwenyewe alishangaa hilo ndilo lililomtoka kwanza.

Lakini shangazi alikuwa ndiye kwaya. Fundi nguo, mwembamba kama uzi wake, mwenye pumu tangu utotoni. Kliniki walimwandikia neno la Kiingereza, breathless, akamwomba binti wa kaka yake amfafanulie. Binti akafungua kamusi: aliyeishiwa pumzi kwa kukimbia, mgonjwa, maiti, hata mtu aliyeshikwa na furaha mpaka akasahau kuvuta hewa. Asili yake ni neno la kale la harufu na mvuke, likaongezewa mkia wa "bila".

"Bila harufu? Yaani nimeoga!" Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Basi mimi nachukua hiyo ya furaha. Nyingine warudishie."

Kwa kuwa hakuweza kushika noti ndefu, aliifundisha kwaya kupokezana. "Mkivuta pumzi wote pamoja mnautoboa wimbo!" aliwafokea. "Iba pumzi jirani yako akiimba, naye aibe ukiimba wewe." Noti ya mwisho ikawa haikatiki, na mwenye pumzi fupi akawemo ndani yake mwanzo hadi mwisho.

Siku ya mazishi, binti ndiye aliyesimamishwa mbele ya kwaya. Hofu yake ilikuwa moja: mtu anayelia hana pumzi, na hapa walilia wote. Noti ikikatika juu ya kaburi la shangazi, uso atauweka wapi?

"Wee mama, usitutolee macho hivyo," mzee mmoja wa sauti ya besi alimnong'oneza. "Inua mkono tu."

Akainua. Wimbo ukafika mwishoni. Mama mmoja wa sauti ya pili akazidiwa na kwikwi. Jirani yake akamfunika. Jirani alipoishiwa, mwenye kwikwi alikwisha kuiba pumzi, akapokea. Noti ikaenda, ikazidi kwenda, Bwana asifiwe, haikukatika. Binti akashtukia hapumui, na machozi yanateremka kwenye tabasamu.

Akashusha mkono. Mchungaji akaomba. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Baba akatupa udongo wa kwanza, binti akafuata. Kaburi likajazwa, maua yakawekwa, watu wakarudi nyumbani.