Macho Yaliyotaka Kunivunjia Ndoa Kiongoroni

Siku ya ndoa yangu, msikiti mzima uliamini nimepandisha majini.

Na wala sikuwa na jini, hata la kusingiziwa.

Naitwa Mfaume, wa Mahege, Kibiti. Mchumba wangu Mwanawetu kwao Kiongoroni, kule mwisho wa delta, ukipita hapo ni bahari tupu.

Shida yangu ni moja: nikitazamwa na watu wengi, ulimi unakauka. Kuna mkutano niliulizwa jina langu, nikajibu, "Asanteni."

Noma.

Sasa kwenye ndoa, bwana harusi lazima atamke mwenyewe, "Nimekubali." Dada yangu Johari, ambaye ni nesi, akanikuta uani nafanya mazoezi. Nakubali mbele ya kuku.

"Wewe utazimia," akasema. "Hebu tazama ule mnazi."

Nikautazama.

"Usiukodolee! Ukikaza macho sehemu moja, mwili unadhani umeona simba. Yalegeze. Shingo usigeuze, ila mwone kuku wa kushoto na ndoo ya kulia, vyote kwa pamoja. Pumua taratibu."

Wallahi, moyo ukatulia. Nikajiona mwamba.

Alichosahau kuniambia dada ni kwamba nikilegeza macho, na mdomo nao unaachia.

Siku ikafika. Nahodha wa boti akatuonya, "Fanyeni haraka, maji yakipwa tunakwama kwenye tope."

Msikitini nikakaa goti kwa goti na baba mkwe, mzee Kibwana. Akanishika mkono. Macho yangu yakaganda kwenye ndevu zake. Shehe akapotea, watu wakapotea, masikio yakaziba. Zimebaki ndevu tu.

Nikakumbuka kulegeza.

Taratibu nikaanza kuona pembeni: kanzu kulia, kanzu kushoto, kina mama wamejazana dirishani. Mapigo yakashuka. Raha mustarehe.

"Ya Rabi! Bwana harusi kapandisha!"

Mdomo wazi, macho hayapepesi. Hata mimi ningejikimbia. Mjomba wa bibi harusi akaanza kunisomea Ayatul Kursi, mwingine akanimwagia marashi usoni.

"Sina jini!" nikasema. "Natuliza presha!"

"Yote husema hivyohivyo," akajibu mjomba, akaongeza sauti.

Shehe akaona tunachelewa maji. "Mzee Kibwana, ozesha."

Mzee jasho linamtiririka.

"Mfaume, nimekuozesha mke wangu Mwajabu..."

Hakuna aliyesikia. Wote walikuwa wanasubiri jini litoke.

"Sema nimekubali!" wakanihimiza. "Upesi!"

Siku nyingine ningekubali. Ningetoka pale na mama mkwe. Lakini kichwa kilikuwa kimetulia, kila neno naliona linapita.

"Samahani, baba. Huyo ni mama."

Mjomba akakatisha kisomo.

Kisha sauti ikatoka dirishani: "Kibwana! Umenichoka?"

Msikiti ukaangua kicheko. Shehe akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Mzee peke yake hakucheka. Hapo ndipo nikagundua mkono unaotetemeka si wangu. Ni wake.

Nikamnong'oneza, "Baba, usinikodolee. Legeza macho. Mwone shehe huku na mlango kule, bila kugeuka."

Akalegeza. Mdomo ukaachia.

"Toba! Na mzee kapandisha!" Mjomba akaanza kusoma upya.

Lakini mzee akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyonyooka: "Nimekuozesha binti yangu Mwanawetu, kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali."

Takbiri, vigelegele, tukawa mume na mke.

Tunaelekea kwenye boti, mzee akanivuta pembeni.

"Mwanangu, sina binti mwingine. Pale nilikuwa naona mkono wako tu, unamchukua. Vingine vyote vilinipotea."

Siku zote zile nilidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu.

Ndugu zangu, ukibanwa na hofu, usikikodolee kinachokutisha. Panua macho. Huenda ukamwona na aliye mbele yako, naye anatetemeka, anasubiri mtu wa kumtuliza.