Mashamba Mekundu

Ofisini kwa maji walimwita Bwana Angani, maana mashamba ya watu aliyajua kutoka juu tu. Viatu vyake havikujua tope. Alipokea picha za setilaiti, akazichorea mipaka kwenye kompyuta, kisha akasema shamba gani linakunywa maji kupita haki yake. Kazi safi, naye aliipenda hadi akaanza kujiona ana udugu na mawingu.

Kwenye picha zile, mimea iliyoshiba maji huonekana myekundu. Ndivyo kamera ya huko juu inavyoona: jani bichi kwake ni jekundu, ardhi tupu ni ya kijivu. Bwana Angani alikuwa amelizoea jambo hilo mno, hata akasahau kwamba watu wengine nao wana macho.

Basi kabla ya kiangazi akawakusanya wakulima, akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, picha haidanganyi. Shamba nitakaloliona jekundu, lango lake la mfereji linafungwa nusu. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Nusu lango ni nusu mavuno, hilo halihitaji shule. Na udongo wa bonde lile ni mwekundu kama tofali, kwa hiyo kila mtu alijua la kufanya.

Kiangazi kilipopamba moto, picha mpya ikaja. Bonde zima jekundu, hata mashamba yaliyozoea kulala bila kupandwa. "Wakaidi hawa!" akafoka. "Sikio la kufa halisikii dawa." Na lililozidi yote kwa wekundu lilikuwa la mama mkwe wake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mkuu wake akamkabidhi kufuli: "Anza na la kwenu, watu waone hatupendelei."

Mama mkwe alimpokea ukingoni mwa mfereji, ndoo mkononi, tope hadi magotini. Nyuma yake majani ya viazi yalikuwa yamefunika kila shubiri ya udongo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Haya, tazama mwenyewe! Unaona wekundu wowote? Hata pale nilipopapumzisha nimepanda, namwagilia asubuhi na jioni. Nilisema, mkwe wangu asije akaaibika mbele za watu kwa ajili yangu."

Bwana Angani akatazama chini. Udongo mwekundu ulikuwa umemganda viatuni. Kufuli likamwelemea mfukoni.

"Jua limekuchosha," mama mkwe akasema, akimchotea kikombe. "Kunywa, mwanangu. Mwaka huu maji hatunyimwi."