Aliyefungua Tairi Mchana Kweupe

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Nimeshachekwa vya kutosha hapa Tabora. Wapo walioniambia nilipigwa na jua, wapo waliosema ni njaa, na mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima na ndevu zake, aliniuliza kama nilikuwa nimeonja gongo. Sinywi mimi! Nilichokiona nilikiona adhuhuri, nyuma ya nyumba yangu, na mke wangu akakiona. Kaa nikusimulie.

Kwanza umjue Shomari. Yeye ni Mzaramo, babu yake aliletwa huku na kazi ya reli. Mimi ni Mnyamwezi wa Puge. Basi umeshaelewa: ni watani. Wazee wetu walianza kutaniana tangu enzi za misafara, walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku kwenda pwani. Mtani akikuchukulia kuku bandani, unacheka. Akikutukana mbele ya wakwe zako, unacheka, na ukinuna wewe ndiye mshamba. Tulipomzika baba, Shomari alirukia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka Wanyamwezi tumpe chochote, eti hapo ni mahali pake. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Hata mimi. Nilimpenda sana siku ile, sitakuficha.

Baba aliacha pikapu. Chakavu! Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nikaamua kuifufua mwenyewe, nyumbani, chini ya banda la mabati. Mimi si fundi, nauza asali, lakini siku hizi nani asiyejifunza kwenye simu? Unatazama video, unafungua, unakosea, unafungua tena. Shomari ana teksi ya kampuni ileile, vipuri vyake na vya pikapu vinaingiliana, na huitengeneza mwenyewe. Akasema, "Mtani, hilo dude tunalifufua wote." Tukawa tunashinda chini ya lile gari kila Jumamosi, tumechafuka oili mpaka masikioni. Tukachomelea keria ya kubebea madumu ya asali, tukatoa kiti kilichooza tukafunga kiti cha basi. Raha ilioje! Ikipotea spana naikuta kwake. Ikipotea jeki, kwake. "Nyie wapagazi mmezoea kubeba kichwani, jeki ya nini?" ananiambia. Nacheka. Ila nikaanza kutia alama kila kitu changu kwa rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, ili nikienda kudai tusibishane.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Mama yangu alikuwa Puge peke yake, na macho yalikuwa yamemwishia. Alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni. Tulikuwa tumekubaliana Jumatatu niende na mke wangu tumlete, aje akae kwetu. Pikapu ilikuwa kwa ajili hiyo kabla ya asali na kabla ya kitu chochote. Nikanunua breki pedi mpya na mipira mipya ya kupitisha mafuta ya breki, nikavitia alama nyekundu kama kawaida. Jumamosi ukatokea msiba kwa jirani, nikamwachia Shomari avifunge. Niliporudi nikamkuta anafuta mikono. Nikakanyaga pedali, ikakaza vizuri.

"Breki hizo, mtani, ukimwendea mama hata uteremke mlima," akasema.

Alimtaja mama kwa mdomo wake. Shika hilo.

Kesho yake, Jumapili, nimetoka kanisani, jua limesimama utosini, niko chini ya pikapu nafunga waya za taa. Nikaona miguu. Nikaijua, ni ya Shomari, na zile kandambili zake zilizoshonwa kwa waya. Nikamchokoza, "Umefuata ugali, mla nazi?" Kimya. Nikatoka. Ni yeye kabisa, sura yake, kovu lake la shavuni, fulana yake ya kazi. Ila hakucheka. Unaelewa maana yake? Shomari alikuwa hajawahi kuvuta pumzi tatu bila kutania. Nikadhani kafiwa. Nikamuuliza, "Kuna nini, bwana?" Akaokota spana ya tairi kwa mkono wa kushoto, na Shomari si wa kushoto, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele akaanza kufungua.

Mke wangu akatoka jikoni. "Shemeji, karibu. Chakula kinaiva." Hakujibiwa. Mke wangu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuudhi mgeni.

Tairi likatoka. Yule mtu akachomoa pedi akaiweka chini mbele yangu. Nakwambia, ilikuwa imekwisha, imebaki chuma kitupu! Akaweka na ya pili. Kisha akavuta ule mpira wa breki akaugeuza niuone kwa nyuma. Mkuukuu, umepasukapasuka, umezongwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hakukuwa na alama nyekundu popote.

"Shomari," nikasema, "hivi si nilikupa mipya?"

Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitazama. Shomari.

Nikaipokea huku namtazama aliyechuchumaa. Niamini, sikioni sauti ni ya Shomari, nyuma yake watoto wanapiga kelele. "Mtani! Niko huku Usoke kwa wakwe. Kesho safari iko palepale? Msalimie bi mkubwa!" Na mbele yangu, umbali wa kunyoosha mkono, Shomari anafuta vidole kwenye fulana. Akainua macho. Alinitazama kwa huruma, ndugu yangu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliye hai. Akasema neno moja tu, taratibu.

"Usimpandishe."

Akainuka, akapita kati yangu na mke wangu, akakata kona nyuma ya jiko. Huko hakuna mlango. Kuna ukuta, na juu ya ukuta tumepanda vipande vya chupa. Tulimfuata mbio. Hakuna mtu. Mke wangu akaanza kusali kwa sauti. Mimi nikarudi kuokota ile spana iliyokuwa imelala juani, nikaiachia hapohapo. Ilikuwa baridi kama imetolewa mtungini.

Jumatatu hatukwenda Puge. Nilikwenda kwa Shomari. Nikamkuta uani, teksi yake imeegeshwa. Nikamwambia afungue tairi la mbele. Akacheka. Nikalifungua mwenyewe, naye amesimama ananikejeli eti mpagazi kageuka trafiki. Nikachomoa pedi. Nyekundu. Mpira nao nyekundu.

Unajua alisema nini? "Aa, mtani, si utani tu!"

"Mama yangu angepanda mle," nikamwambia.

"Si ningekwambia!"

Lini? Nikishafika Puge? Nikiwa narudi, mama kakaa katikati yetu, lori limesimama mbele, nakanyaga hakuna kitu? Nikalia pale uani kwake, mtu mzima, mbele ya mkewe. Naye akaendelea kucheka, kwa sababu alijua. Alijua kuwa mtani hashitakiwi.

Na kweli, wazee walipokaa, wa upande wake na wa upande wangu, walimwambia atoe jogoo tumalizane. Baraza zima lilicheka. Nilipoanza kueleza habari ya yule aliyefungua tairi, ndipo walipocheka hasa, wengine wakajishika mbavu. Shomari akamleta jogoo mwenyewe, kamfunga utepe shingoni. Nikamfungulia, akaingia kwenye mahindi ya jirani.

Mama tulimleta kwa basi. Yupo nasi mpaka leo, anakaa kivulini na redio yake. Pikapu nimeitengeneza upya peke yangu, na siendi hata sokoni bila kufungua matairi yote manne kwanza. Mke wangu anasema nina ugonjwa. Labda. Usingizi wangu nao si ule wa zamani.

Wewe unayenisikiliza, una mtani? Mpende, mlishe, mzike. Lakini kitakachobeba roho ya mzazi wako kifungue mwenyewe ukione kwa macho yako, hata kama aliyekifunga alicheka nawe tangu utoto. Huyo ndiye hasa wa kukaguliwa, maana mgeni ungemkagua bila kuambiwa.

Shomari bado anakuja kwangu. Anapiga hodi, anatania, mama anacheka naye kwa kuwa sijamwambia kitu. Nami nakaa namtazama ile sura, nikimkumbuka mwingine aliyekuja nayo siku moja tu. Hakula kwangu, hakunichekesha, wala sijui kama ni mtu au ni jini. Ninachojua ni kwamba kati ya wawili wale, ni mmoja tu aliyemwonea mama yangu huruma, na siye huyu anayekunywa chai yangu.