Mkono Mtamu wa Eldica

Milimani Paramin, Trinidad, lile neno la Kiingereza, sweet, halipumziki mchana kutwa. Ni tamu, lakini tamu iliyozoea kutembea nyumba za watu. Mafuta ya zeituni ni mafuta matamu. Soda ni kinywaji kitamu. Mwanamume akikukonyeza, amekupa jicho tamu. Na yule anayelishwa na mwanamke, jembe halijui, huyo ni mwanamume mtamu, na wala si sifa. Sifa iliyo juu ya zote ni mkono mtamu, yaani mkono wa kupika. Hiyo mtu hajipi mwenyewe. Watu wakila wakanyamaza, ndipo unapewa.

Eldica alipewa sifa hiyo angali msichana, kwa sufuria moja ya kalalu, ule mchuzi mzito wa majani, na tangu siku hiyo sikukuu ya Mavuno kanisani haikuliwa bila kalalu yake. Majani ya magimbi, bamia, boga, tui zito, kaa wa buluu, na pilipili moja nzima ikielea juu. Pilipili ile ni ya harufu tu. Unaiopoa kwa adabu kabla ya kupekecha, maana ikipasuka, umekwisha. Kisha unashika upekecho baina ya viganja viwili na kuuzungusha mpaka kalalu inalainika, inang'aa.

Mwaka ule, wiki ya Mavuno yenyewe, Eldica akateleza kwenye matuta yake ya vitunguu majani. Mkono wa kulia ukavunjika. Akarudi kutoka hospitali na plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko, na upekecho haupekechwi kwa kiganja kimoja.

"Atapika Camille," akasema mwanawe Rudolph.

Camille alikuwa mkewe Rudolph, msichana wa mjini San Fernando. Eldica alimpenda, ila dukani, mbele za watu, alikuwa amekwisha kusema, "Mkwe wangu ana moyo mzuri. Lakini mkono! Akichemsha maji, yanaungua."

Sasa neno lile likamkaa rohoni. Camille akiharibu, aibu ni ya nyumba. Asipoharibu je? Hilo ndilo lililomnyima raha. Kama kalalu yaweza kutoka vizuri kwa mkono mwingine, wake ulikuwa na nini miaka yote hiyo?

Siku ya Mavuno akawekewa kiti jikoni.

"Mama, wewe kaa tu. Sema, mimi nitafanya."

"Nimekaa. Tui lisichemke kwa hasira hivyo."

"Halina hasira, Mama. Wewe ndiye unayo."

Eldica akatazama. Binti alikuwa anaosha kaa vizuri. Bamia amezikata sawasawa. Hakukuwa na la kumkosoa, na jambo hilo likamwasha kuliko kosa. Camille alipotoka kwenda kuchuma majani ya harufu nyuma ya nyumba, Eldica akainuka. Akashika mwiko kwa mkono wa kushoto, akoroge kidogo tu, angalau sufuria imjue. Mkono wa kushoto haukuwa na adabu. Mwiko ukaigonga pilipili kwenye ukingo wa sufuria, nayo ikafunguka, mbegu zikatawanyika.

Camille aliporudi alionja, akakohoa.

"Mama, umeipasua."

"Imepasuka yenyewe."

"Kwa mwiko wa nani?"

Eldica akarudi kwenye kiti chake. Camille akacheka mpaka akashika meza. Akaopoa maganda, akaongeza tui na boga, akaonja tena, akapekecha.

"Basi," akasema. "Nitawaambia niliyeipasua ni mimi. Mimi mtu wa mjini, watanisamehe."

Uwanjani pa kanisa, bakuli la kwanza alipewa mzee Cuthbert, mpiga gitaa, ambaye midomo yake ndiyo mahakama ya Paramin. Akala. Akanyamaza. Akala tena, akatoa leso, akafuta pua.

"Eldica," akaita, "nani kapika hii?"

Watu wakageuka. Camille akafungua mdomo. Eldica aliona njia iko wazi mbele yake: utamu auchukue yeye, na ukali amwachie mtoto wa watu. Lakini alikuwa na kiburi chake, na kiburi chake hakikuwahi kula cha kuomba.

"Kapika Camille," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Pilipili nimepasua mimi, kwa kiherehere changu. Mwenye neno anijie mimi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Cuthbert akasukuma bakuli lake mbele.

"Niongezeni. Binti, una mkono mtamu. Na wewe Eldica, pasua nyingine mwakani, nimejisikia kijana."

Eldica akangoja moyo umuume kwa neno lile, mkono mtamu, kupewa mtu mwingine mbele ya macho yake. Ukamfinya kidogo, ukaacha. Akala kwa mkono wa kushoto, polepole. Ilikuwa kalalu hasa. Mzee Cuthbert akamtupia jicho tamu kutoka ng'ambo ya meza.

"Kwa umri huo, Cuthbert! Futa pua kwanza!"

Walipokuwa wakishuka kurudi nyumbani, akamshika Camille bega.

"Jumapili kuku utapika wewe. Mimi nitakaa mbali na jiko."

"Mbali wapi, Mama?"

Eldica akafikiri.

"Mlangoni."