Niliulizwa hali ya mke wangu nikajibu "hajambo": makosa yangu wodini

Wakuu, salaam kwenu, wakubwa na wadogo.

Mimi ni mzee wa Shika Adabu, Likoni. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nimeona vijana wengi wanauliza habari za kuuguza wazazi wenye kiharusi, na mimi jambo hilo nimelikosea kwa mkono wangu mwenyewe. Nitalisema lilivyo. Pale nitakapoonekana mbaya, mjue ndivyo nilivyokuwa.

Mke wangu anaitwa Kadzo. Tumeoana miaka arobaini na tatu.

Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi nje ya nyumba yetu. Wanaopajua hapa kwetu watakwambia kwamba mahamri ya Kadzo ni ya kawaida tu. Watu walifuata mdomo wake. Ukipita bila kununua anakuuliza kama siku hizi unafunga, na mfungo wenyewe ni wa dini gani. Ukinunua mawili anakuuliza mkeo atakula nini. Watu walikuwa wanakuja kutukanwa kwa adabu, wanalipa, wanakwenda kazini wakicheka.

Jumatano moja asubuhi yuko mbele ya karai, nikasikia uma wa kugeuzia umeanguka. Nikatoka. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Alinitazama akasema kitu, lakini hakikuwa neno.

Tukampakia kwenye tuktuk, tukavuka feri, tukafika hospitali. Akalazwa. Sitaitaja hospitali, maana kosa ninalolieleza ni langu.

Siku ya pili akaja wodini binti mmoja wa bara, anaitwa Mueni. Ana fomu mkononi, anapita kitanda kwa kitanda. Mimi nilidhani ni wale wanafunzi wa utafiti. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yeye ni mtaalamu wa kumeza na kuongea, na kwamba ile fomu ndiyo inayoamua nani ataonwa na yeye, nani na watu wa fizio, wale wa kunyoosha viungo, na nani ataruhusiwa na dawa zake tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti."

"Mama anaendeleaje?"

"Hajambo."

Kadzo akanitazama. Akafungua mdomo, ukatoka mlio tu. Nikamfuta mate kwa leso upesi, kwa sababu kitanda cha jirani kilikuwa na wageni na mimi ni mzee wa kanisa, sikutaka mke wangu aonekane hivyo.

"Anameza sawa?"

"Sawa."

"Akinywa hakohoi?"

"Hapana."

Asubuhi ile ile alikuwa amepaliwa na chai mpaka macho yakamtoka machozi.

"Na kuongea?"

"Anaongea. Amechoka tu."

"Uko sure mzee?"

"Nina uhakika, mwanangu."

Kuhusu mkono nikasema umelala tu, utaamka. Binti alikuwa na vitanda vingi mbele yake. Akanipa fomu nitie sahihi kama jamaa wa mgonjwa. Nikatia, sahihi nzuri, ile ya kazini.

Hapa niwape maelezo kidogo, si udhuru. Kwetu pwani mtu akikuuliza hali, hata kama paa linaungua, unajibu kwanza kwamba hujambo, ndipo mambo ya moto yafuate. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini nikijificha nyuma ya adabu nitakuwa nawadanganya.

Nilikuwa karani wa ghala Changamwe kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kukagua mizigo. Gunia likitiwa alama ya kasoro linawekwa kando, na likishawekwa kando hujui litatoka lini. Lisilo na alama linapakiwa, linakwenda zake. Basi mimi nilipoiona ile fomu na vile visanduku vyake, nikawaza kikarani. Nilitaka karatasi ya mke wangu iwe safi ili apite, arudi nyumbani.

Akapita. Siku ya nne tukaruhusiwa.

Nyumbani nikajigeuza mdomo wake. Wageni wakija namjibia. "Kadzo hajambo, anawasalimu." "Kadzo amekula." "Kadzo anasema asanteni kwa maembe." Hakuwa amesema lolote. Mwanzoni alikuwa akijaribu, anavuta pumzi, midomo inatetemeka, na mimi kwa kumwonea huruma nalimalizia neno kabla halijatoka. Mara nyingi halikuwa neno alilolitaka. Nilikuwa nikiliona hilo usoni mwake, naendelea.

Baadaye akaacha kujaribu. Wageni wakiingia anageukia ukutani.

Mkono nao ukaanza kujikunja, vidole vinaingia kwenye kiganja. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi kama nilivyoona wengine wakifanya. Na kila akinywa uji anakohoa, mimi nampiga mgongo, nasema ni mafua.

Binti yetu Dama anaishi mtaa wa Airport, ng'ambo ya feri, anafanya kazi kiwandani, anakuja Jumapili. Jumapili moja akakaa na mama yake muda mrefu, kisha akanifuata uani.

"Baba, mbona mama haongei kabisa? Hospitali walisema nini?"

"Walisema hajambo."

"Nani alisema?"

Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji. Pipa lilikuwa limejaa.

Wiki ya saba akashikwa na homa, kifua kinakoroma. Tukavuka tena. Daktari akasikiliza kifua, akauliza kama huwa anakohoa akila. Nikasema ndiyo. Neno hilo lilinichukua wiki saba. Akatueleza kwamba chakula na maji vimekuwa vikipita njia ya pumzi, vimeingia mapafuni, na kwamba watu hufa kwa jambo hilo. Nilimtazama Kadzo, nikaona kwamba mimi, kwa kijiko cha uji na mapenzi yangu yote, nilikuwa karibu kumuua.

Homa ilipopungua akaitwa Mueni. Hakunikumbuka, wazee tuko wengi. Akampa Kadzo maji kijiko kimoja, mkono wake mwingine umegusa koo taratibu, anasikiliza. Kisha akafungua faili, akasoma, akarudi nyuma akasoma tena.

"Mzee, hapa imeandikwa anameza sawa, anaongea sawa. Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa unajua si kweli?"

"Nilijua."

Dama alikuwa amesimama pale. Sikumtazama.

Nilingoja kugombezwa. Ningefurahi kama angenigombeza. Mueni akavuta kiti akakaa karibu na kitanda, na maneno yake akayaelekeza kwa Kadzo, si kwangu.

"Mama, pole. Hata mimi nilikosa. Siku ile ningekuuliza wewe na kukupa maji nione mwenyewe. Nilimuuliza mzee, nikaandika alichoniambia."

Kisha akanigeukia. "Mzee, hii fomu si mtihani. Foleni yetu inaanzia hapa. Asiyeonekana hapa kwamba ana shida, hatumwoni. Mama angeanza na mimi wiki ile ile, na angeanza na fizio kabla mkono haujakaza."

Nikamuuliza kama tumechelewa kabisa.

"Tumechelewa. Kabisa, sijasema."

Basi tukaanza. Uji wa Kadzo ukawa mzito kidogo, anakaa wima, anainamisha kidevu ndipo anameza, kijiko kimoja kimoja, na mimi nimekatazwa kuharakisha. Watu wa fizio wakachukua mkono. Aliporuhusiwa, tukawa tunavuka mara mbili kwa wiki, mimi nasukuma kile kiti cha magurudumu tulichoazimwa kanisani, ambacho gurudumu moja lina akili zake.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kuongea, Mueni akainua kikombe.

"Mama, hii ni nini?"

Kadzo anakitazama kikombe, midomo inatafuta. Muda ukapita, mrefu. Nikashindwa.

"Kikombe," nikasema.

Mueni akaniangalia. "Hongera mzee, wewe umepita. Sasa tumngoje mama."

Dama akacheka. Mueni akainua kijiko. Midomo ikaanza kutafuta tena. Wakuu, kukaa karibu na mtu anayetafuta neno unalolijua ni kazi nzito kuliko mnavyodhani. Nikasema, "Kijiko."

Kadzo akanigeukia. Uso wote ukakunjamana, ule upande mzima na hata ule mwingine kidogo.

"Nya... ma... za."

Katika ndoa yetu nimeambiwa ninyamaze mara nyingi, na mara nyingi nilikasirika. Siku hiyo nilitoka nikasimama kwenye korido, nikalia kama mtoto. Mama mmoja wa usafi akasimamisha ufagio akaniuliza, "Baba, ni msiba?" Nikamwambia hapana, mke wangu amenikaripia. Akasema basi mke wako ni mkali sana.

Sasa ni mwezi wa nane tangu augue. Niwape hali halisi. Anakula vizuri, hakohoi. Anatembea ndani ya nyumba akishika ukuta. Mkono unafunguka kiasi, unaweza kushika leso, hauwezi kusukuma unga. Karai tumempa jirani. Maneno yanakuja, moja moja, mengine yanakuja yamevaa nguo za wenzake. Juzi alitaka sukari akaita askari. Alicheka mwenyewe mpaka nikaogopa atapaliwa.

Nilimuuliza Mueni tungekuwa wapi kama ningesema kweli siku ya pili. Akasema hajui. Pengine hapa hapa, pengine mbali zaidi. Hilo "pengine" ndilo ninaloamka nalo. Nimemwomba Kadzo msamaha. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwamba mlango uko wazi na kuku wameingia. Sijui kama lile lilikuwa jibu.

Mwenye mgonjwa wa kiharusi, aliyepata ajali, mtoto aliyezaliwa na shida, yeyote: wakija watu na fomu wodini siku za mwanzo, usimpambe mgonjwa wako. Sema mabaya yote. Sema anatokwa mate, anakohoa akinywa, hajui jina lako. Aibu haina kazi pale. Na wasipokuja, ulizeni nani anapima kumeza, nani anapima kuongea, fizio wanaanza lini. Msingoje mgonjwa apate nguvu kwanza. Mimi niliambiwa hivyo na watu wema, eti apumzike kwanza, nikawasikiliza kwa sababu ndivyo nilivyotaka kusikia.

Na mgonjwa akiulizwa, fungeni midomo yenu. Hata kama itachukua muda wote wa mchana.

Nimemsomea Kadzo uzi huu kabla sijauweka hapa. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika hapa akainua kidole cha mkono wa kulia, kidogo. Nikangoja. Chai yangu ikapoa, nikazidi kungoja.

Akasema: "Andika... wageni... walikuwa... wananiuliza... mimi."

Nimeandika.

Karibuni mchangie, hasa nyinyi mnaouguza, na hata mkinisema, ni sawa. Mwenye swali kuhusu dawa, mimi si mganga. Mwenye swali kwa Kadzo aliandike hapa chini nitamsomea. Majibu yatachelewa, mnivumilie, kwa sababu atajibu mwenyewe.