Mama Alivyoshikilia Shamba

Juzi nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi wangu. Mmoja alikuwa ameandika "anashikilia" mahali ambapo mimi ningeandika "anadai". Nikaweka kalamu chini.

Nilikuwa binti wa miaka saba hivi. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake alilitaka shamba letu la migomba kule Kirushya. Siku hiyo tuliitwa ofisi ya kata, mbele ya wazee wa baraza. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili ndiyo kwanza nilikuwa nakijifunza shuleni. Karani akasoma kwa sauti: "Mdogo wa marehemu anadai shamba ni la ukoo. Mjane anashikilia kwamba ni lake."

Nikaitazama mikono ya mama. Ilikuwa mitupu, imelala juu ya kitenge. Nikaogopa wazee wataona hashikilii chochote. Nikatoka kimyakimya, nikakimbia hadi shambani, nikaukumbatia mgomba mnene kuliko yote.

Nilikaa pale peke yangu mchana kutwa. Kila majani makavu yalipochakarika nilidhani baba mdogo anakuja. Utomvu ulininatia shavuni, mikono ikafa ganzi, lakini sikuachia.

Jua lilipopungua, mama akaja. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nashikilia shamba."

Hakucheka. "Achia. Wamempa yeye," akasema, kisha akaketi chini kando yangu.

Leo najua alibishana na wazee wale bila ndugu hata mmoja upande wake; na hata mimi, aliponitafuta kwa macho, hakuniona.